Ramani ya Vilima: Karagwe na Kyerwa, kutoka Bweranyange hadi Data Huria

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, upande wa magharibi wa Mkoa wa Kagera, ni nchi ya migongo ya milima inayokwenda sambamba kutoka kaskazini hadi kusini, ikitenganishwa na mabonde ya matete na maji. Anayefuata mgongo mmoja anaweza kutembea kutwa bila kuchoka sana. Anayekatiza kwenda magharibi, kuelekea mto Kagera na Rwanda, hupanda na kushuka hadi magoti yamwume. Makazi yamejipanga juu ya migongo na ubavuni mwake, ndani ya vibanja vya migomba na kahawa, na kitongoji kinachoonekana ng'ambo ya bonde kana kwamba unaweza kukiita kwa sauti huenda kikahitaji saa mbili za mguu. Nchi ya namna hii haichoreki kwa urahisi. Kwa zaidi ya miaka 160 imechorwa mara nyingi, na kila mara wachoraji walitegemea maarifa ya wenyeji. Wenyeji hao, hata hivyo, hawakuulizwa karatasi iandikwe nini, na mara nyingi hawakuiona.

Maelezo ya kwanza ya Karagwe kufika kwenye vitabu vya Ulaya hayakutoka kwa mtu aliyefika na vyombo vya kupimia. Yalitoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, ambako Richard Burton na John Hanning Speke walikaa mwaka 1857 na 1858. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, alikuwa amekwisha kufanya biashara kaskazini, na mwaka 1852 alifika hadi Buganda. Alimweleza Burton falme za Karagwe, Buganda na Bunyoro kwa kipimo cha misafara, yaani mwendo wa siku: kutoka kituo hiki hadi kile, mto gani huvukwa, mtawala gani hutoza hongo. Burton aliyaweka maelezo hayo katika kitabu chake cha 1860. Ilikuwa ramani ya maneno, nayo ilikuwa na sifa ambayo ramani nyingi za baadaye zilikosa: ilieleza njia kama mtembezi anavyoijua, kwa uchovu na kwa maji ya kunywa.

Speke alirudi akiwa na James Augustus Grant, na mnamo Novemba 1861 walifika Bweranyange, makao ya Mukama (mfalme) Rumanyika. Speke ameandika kwamba Rumanyika aliwapokea kwa Kiswahili fasaha, kisha akawauliza wanaionaje Karagwe, kwa kuwa yeye aliamini milima yake ni mizuri kuliko yote duniani. Swali hilo linastahili kukumbukwa katika historia ya ramani za eneo hili. Mtawala aliyeuliza hivyo aliijua nchi yake kama mandhari ya kujivunia, na aliijua kwa mapana. Katika wiki zilizofuata alimpa Speke habari za Rwanda, za Nkore, za maziwa ya magharibi, na za milima mirefu yenye vilele vya koni ambayo siku za anga safi ilionekana kwa mbali kutoka migongo ya Karagwe. Speke aliiandika kwa jina la Mfumbiro. Ndiyo safu ambayo leo inajulikana kama Virunga.

Kazi ya Speke ilichanganya vyanzo viwili. Latitudo aliipima kwa nyota, longitudo kwa umbali wa mwezi na nyota, na mwinuko kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda. Hayo yalimpa nukta chache. Yote yaliyokuwa kati ya nukta hizo, na yote asiyoyafikia, yalitoka vinywani mwa watu wa Karagwe na wafanyabiashara wa pwani, mara nyingi kupitia kwa mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki hadi Aprili, akachora picha za watu, nyumba na vilima. Ziwa dogo lililo karibu na makao ya mfalme Speke aliliita Little Windermere, kwa kumbukumbu ya ziwa la Uingereza. Bweranyange ikaandikwa Weranhanja, na Kagera ikaitwa Kitangule.

Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876. Alifikia Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili jirani na Bweranyange, alikokaa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, kisha akatembea na Rumanyika na kupima sehemu za maziwa na mto. Alikwenda pia kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo sasa ziko Kyerwa, akakuta wagonjwa wakioga humo kutafuta nafuu. Mto Kagera aliupa jina la Alexandra Nile. Jina hilo, kama Little Windermere, halikudumu. Mtagata inaitwa Mtagata hadi leo, na watu bado huenda kuoga.

Habari za Rumanyika zilipata uzito wa kisheria bila yeye kujua. Katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mpaka wa magharibi ya Ziwa Victoria uliwekwa kwenye mstari wa latitudo ya nyuzi 1 kusini, kwa sharti kwamba mlima Mfumbiro, ukionekana uko kusini ya mstari huo, mstari upinde ili mlima ubaki upande wa Waingereza. Waliotia saini hawakuwa wamewahi kuuona. Waliujua kutokana na Speke, na Speke aliujua kutokana na Karagwe. Ubishi uliotokana na kifungu hicho haukumalizika hadi makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910.

Mstari wenyewe ulipimwa ardhini na tume ya pamoja kati ya 1902 na 1904, Waingereza wakiongozwa na Kanali Delmé-Radcliffe na Wajerumani na Kapteni Schlobach. Upande wa Missenyi mpaka unafuata mstari wa latitudo, ukipita katikati ya nyasi na mashamba bila kujali mto wala kilima. Upande wa Kyerwa unafuata mto Kagera, kuanzia unapoingia mto Kakitumba. Ndiyo maana mtu wa Murongo, huko Kyerwa, anauona mpaka kwa macho, na mtu wa Mutukula, huko Missenyi, anauona kwa jiwe tu. Tofauti hiyo ndogo ya uchoraji ilikuja kuwa na gharama kubwa mwaka 1978, pale jeshi la Idi Amin lilipoingia katika ardhi iliyo kati ya mstari na mto na kudai kwamba mto ndio mpaka halali. Vita iliyofuata ilianzia huko Missenyi, na mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera.

Wajerumani, waliokuwa na kituo Bukoba tangu Emin Pasha alipokianzisha mwaka 1890, walitoa ramani ya koloni zima kwa kipimo cha 1:300,000, iliyochorwa Berlin chini ya Paul Sprigade na Max Moisel. Njia ya kuitengeneza inaeleza udhaifu wake. Ofisa au msafiri alitembea akiwa na dira na saa, akiandika kila kona na kila dakika. Wachoraji wa Berlin wakaunganisha safari hizo kama nyuzi. Penye njia ya msafara palijaa majina, na pembeni ya njia palibaki peupe. Katika nchi ya migongo sambamba, msafara uliofuata mgongo mmoja uliweza kuuacha mgongo wa pili, wenye mamia ya kaya, bila alama hata moja. Weupe huo kwenye karatasi haukumaanisha kwamba hapakuwa na watu. Jambo hili linafaa kusemwa kwa mkazo, kwa sababu kosa la kusoma weupe kama utupu limeendelea hadi zama za kompyuta.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka wa magharibi ulihamahama kidogo. Waingereza walipewa mwaka 1919 ukanda wa Gisaka, ng'ambo ya Kagera, kwa matumaini ya reli ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, kisha ukanda huo ukarudishwa Rwanda, na kufikia 1924 mto ulikuwa mpaka tena. Wanajiolojia nao walipita vilimani wakitafuta madini. Bati la Kyerwa lilichimbwa, na mfumo wa miamba ya kale wa eneo zima hadi Ankole ukapewa jina la Karagwe-Ankole, ambalo bado linatumika katika vitabu vya jiolojia duniani.

Mabadiliko makubwa yalitoka angani. Uingereza ilianzisha mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, na ndege zikapiga picha za anga ambazo zilitazamwa mbili mbili kwa kioo maalumu hadi kilima kikainuka mbele ya macho ya mchoraji. Kutokana na picha hizo zilipatikana karatasi za 1:50,000 zenye mistari ya mwinuko, ambazo Idara ya Upimaji na Ramani ya Tanzania iliendelea kuzitoa baada ya uhuru. Kwa Karagwe hii ilikuwa mara ya kwanza migongo yote kuonekana kwa usawa, iwe na barabara au haina. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo karatasi hizo ziliuzwa ofisini mijini, ziliwafikia wahandisi na maofisa, na zikazeeka bila kusahihishwa huku vijiji vikikua.

Ramani hizo zina jambo moja la kiufundi ambalo kila mchoraji wa leo hukutana nalo. Zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, wakati simu na vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS84. Namba zilezile za latitudo na longitudo zikisomwa katika msingi usio wake hukosea kwa takribani mita 300, hasa kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye tambarare kosa hilo linaweza kupita bila kuonekana. Kwenye vilima vya Nkwenda au Nyaishozi linaihamisha zahanati kutoka mgongoni hadi ubavuni, au kisima kutoka bondeni hadi kwenye kibanja cha mtu. Mtaalamu husahihisha kwa hesabu fupi, lakini lazima ajue kwamba kuna cha kusahihisha.

Kando ya karatasi hizo za 1:50,000 kulikuwa na ramani nyingine, zisizo na namba kabisa. Katika mipango ya maendeleo ya vijiji, hasa ile ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo iliyoenea nchini miaka ya 2000, wanakijiji walikusanyika wakachora kijiji chao, mara nyingi ardhini kwa kijiti, majani na mawe, kabla ya kunakili kwenye karatasi ya manila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ilitaka mipaka ya kila kijiji ijulikane na ikubaliwe na majirani zake. Michoro ya manila ilikuwa na kila kitu ambacho karatasi ya 1:50,000 haikuwa nacho: jina la kila kitongoji, chemchemi isiyokauka kiangazi, njia ya mkato, shamba la shule, eneo la malisho. Ilikosa kipimo. Haikuweza kuunganishwa na mchoro wa kijiji jirani, na mchwa au mvua vikiingia ofisini, ilipotea.

Haja ya kuviunganisha viwili hivyo, kipimo cha mpimaji na maarifa ya mkazi, ilikuwa imekwisha kujidhihirisha kwa uchungu mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na kambi zilizowekwa vilimani zikawa miji ambayo haikuwamo katika karatasi yoyote. Mahali pa maji, pa kuni na pa kupita magari palitafutwa kwa kuwauliza wenyeji, mmoja baada ya mwingine. Wengi wa wakimbizi walirudi kwao Desemba 1996, na kambi zikafutika kabla ramani nyingi hazijazionyesha.

Njia ya kuunganisha kipimo na maarifa hayo ilianza mbali. OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bure, ilianzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walikichora kitongoji chao ambacho katika ramani rasmi kilikuwa kama msitu mtupu. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilionyesha kwamba watu walio mbali wanaweza kuchora barabara na majengo kwa picha za setilaiti katika siku chache. Tanzania ilianza na Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha ukaja mradi wa Ramani Huria mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora kata zinazofurika kwa kutembea mitaro na vichochoro. Mwaka huohuo Crowd2Map ilianza kuelekeza wachoraji wa kujitolea kwenye Tanzania ya vijijini. Moja ya sababu zake za mwanzo ilikuwa kuwawezesha watetezi wa wasichana mkoani Mara kukifikia kijiji usiku, msichana anapokimbia ukeketaji. Hakuna hoja yenye nguvu kuliko hiyo ya kwa nini jina la kijiji liwepo kwenye ramani.

Kazi ya kujitolea huenda kwa hatua mbili. Kwanza, mtu aliye popote duniani hufungua picha ya setilaiti na kufuatisha barabara, mito na paa za nyumba. Pili, mkazi mwenye simu hutembea na kuongeza kile ambacho angani hakionekani: hii ni zahanati, hii ni shule ya msingi, kitongoji hiki kinaitwa hivi, daraja hili halipitiki masika. Karagwe na Kyerwa huonyesha vizuri kwa nini hatua ya pili haina mbadala. Migomba hufunika njia na nusu ya paa, na nyumba ya bati ndani ya kibanja huonekana kama kipande kidogo kinachong'aa katikati ya kijani. Mchoraji asiyeijua nchi huona msitu mahali penye kaya hamsini. Mashine za kutambua majengo, kama zile zilizozalisha data ya majengo ya Afrika iliyotolewa na Google mwaka 2021, husaidia sana kwa wingi, lakini hazijui ni nyumba ya nani wala duka la nini.

Vilima vina tatizo lao pia. Picha ya setilaiti hupigwa kwa mshazari, kisha hunyooshwa kwa kutumia mfano wa mwinuko wa ardhi. Mfano ukiwa na kasoro, mgongo wa kilima husogea kwenye picha, na picha za kampuni mbili huonyesha nyumba moja mahali pawili, kwa tofauti ya mita kadhaa au zaidi. Dawa ni mkazi kutembea barabara ileile mara kadhaa GPS ikiwa imewashwa. Mistari ya safari hizo ndiyo huonyesha barabara iko wapi hasa, na picha husogezwa kuifuata. Kwa mwinuko, wachoraji wa leo hutegemea zaidi vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Vipimo hivyo, vyenye nukta kila baada ya takribani mita 30, vilifunguliwa kwa Afrika mwaka 2014, na kwa hivyo mwanafunzi wa Kayanga mwenye kompyuta anaweza kukadiria mteremko wa barabara au njia ya maji ya mserereko bila kuomba ruhusa ya mtu.

Majina ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na makao yake yako Rubwera, ilhali Kyerwa ni jina la wilaya na pia la kata. Isingiro iko Kyerwa, na ng'ambo ya Kagera Uganda ina wilaya nzima iitwayo Isingiro. Majina ya Kinyambo, lugha ya wenyeji, huandikwa kwa r au l kulingana na sikio la mwandishi, na kiambishi cha mwanzo huonekana na kupotea: Omurushaka huandikwa na wengine Murushaka. Mfumo huria una nafasi ya kuweka jina rasmi, jina la kienyeji na jina la zamani pamoja, kila moja mahali pake, kwa hiyo mwalimu mstaafu anayejua kilima kiliitwaje kabla ya kijiji kuandikishwa anaweza kulihifadhi jina hilo bila kulifuta la ofisini. Speke hakuwa na safu ya kuandika majina mawili. Wachoraji wa sasa wanayo, na kuiacha tupu ni hasara.

Dola nayo imeendelea kuchora. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika-Orugundu yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na mipaka yake ikawa jambo la kila siku kwa vijiji vinavyopakana nayo. Kabla ya sensa ya Agosti 2022 ilifanyika operesheni ya anwani za makazi, vijana wakapita nyumba kwa nyumba na simu zao, hata vijijini, wakiipa kila nyumba namba na kila barabara jina. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilikuwa imekwisha kusajili vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi kwa kutumia picha za anga na wakazi waliofundishwa kuzisoma. Kazi zote hizi zimeonyesha kwamba vijana wa kijijini wanaweza kupima kwa usahihi. Tofauti iko kwenye umiliki wa matokeo: rejista ya serikali hutumiwa kwa idhini, wakati data ya OpenStreetMap, kwa leseni yake ya tangu 2012, inaweza kuchukuliwa na chama cha wakulima wa kahawa, hospitali ya Nyakahanga au dereva wa bodaboda, mradi ataje chanzo, na akiiboresha hifadhidata hiyo na kuisambaza aiache huria vilevile.

Uhuru huo una masharti yake. Ramani iliyo wazi inaweza kuharibiwa na mgeni kwa dakika moja, na inahitaji watu wanaoikagua. Mpaka wa kijiji wenye mgogoro, au ua wa mtu binafsi, haupaswi kuchorwa kwa sababu tu mtu ana simu. Vikundi makini huacha mambo hayo kwa mikutano ya vijiji na huandika huduma za umma kwanza. Simu na bando hugharimu fedha, na kijana anayetembea siku nzima vilimani anahitaji kula.

Hifadhidata ya ramani huria haikatwi na mpaka wa nchi. Murongo na Kikagati, zilizokuwa kingoni mwa karatasi za nchi mbili tofauti, zimo katika ramani moja, pamoja na mto na mtambo wa umeme wa megawati 14 ambao Tanzania na Uganda hugawana. Kazi iliyobaki ni vitongoji, chemchemi na njia za miguu za migongo ya ndani, na hizo huongezwa na wanaozitembea.